Bamba la Tangi la Shemeji

Fundi alilala chali chini ya gari la shemeji yake, mume wa dada, huku domokaya huyo akijigamba. Eti mwamba wa mlimani ndio uliobonyeza bamba la chuma linalokinga tangi la mafuta! Miaka yote fundi alimmezea porojo zake kwa sababu ya dada. Akafungua bolti, akalishusha bamba, akaligeuza. Hakuona mkwaruzo wa jiwe hata mmoja. Aliona saruji na rangi ya kijani, ile ile aliyoipaka dada kwenye ngazi ya baraza yake.

"Nifungie nene zaidi," shemeji akasema. "Wiki ijayo napanda tena."

"Nene lipo," fundi akajibu. "Na dada nimpelekee la kukinga ngazi?"