Kanzu ya Yusufu

Mtu akikuambia Edna wa Manundu alisilimu, mwambie aache uongo. Edna ni mwanakwaya tangu ujana wake, na Jumapili haimpiti. Ila kwamba aliisoma Kurani, tena kwa sauti, kibarazani pale Korogwe, watu wakipita na kugeuza shingo, hilo ni kweli. Aliisoma kwa ajili ya mwanamume mmoja tu.

Mwanamume huyo ni Mustafa, mumewe, fundi cherehani, Mzigua wa Kwedizinga kule Handeni. Walifunga ndoa bomani kwa sababu kila upande ulitaka mwenzake ahame dini, na hakuna aliyehama. Babu yake Edna alikuja kukata mkonge akazeekea kambini, ambako Mwislamu na Mkristo waliazimana chumvi, kwa hiyo Edna hakuona ajabu yoyote. Mtoto Mungu hakuwajalia. Aliwajalia utani, na huo waliutumia vilivyo.

Kisha macho ya Mustafa yakaanza kufifia. Presha ya macho, walimwambia hospitali, na umechelewa kuja. Kanzu ya mwisho kushona ilikuwa yake mwenyewe, na kola ikaenda upande. Edna alicheka hadi akakaa chini. Mustafa akaivaa hivyo hivyo kila Ijumaa, kwa ubishi.

Alipokuwa haoni kabisa, akamwita mkewe. Kurani alikuwa ameisoma tangu utotoni, chuoni, kwa Kiarabu, na sura nyingi alizijua kwa moyo. Maana yake, hata! Nani angemfafanulia? Mwalimu wao alikuwa na bakora, nafasi hakuwa nayo. Ndani mlikuwa na Kurani yenye tafsiri ya Kiswahili, zawadi ya mteja mmoja.

"Nisomee, Edna. Nisife sijui nilichokuwa nasema maisha yangu yote."

"Mimi? Nikiungua je?"

"Maandazi unakaanga kila siku hujaungua, utaungua na hiki? Kanawe, jitie mtandio, uje."

Wakaanza. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa mmoja tu. Edna aliweka Biblia juu ya Kurani kwenye rafu, Mustafa akapapasa, akajua, akanuna kutwa nzima. Edna akavibadilisha, halafu akanuna yeye. Mwishowe wakavisimamisha vyote viwili, ubavu kwa ubavu, na chai ikanyweka tena.

Walipofika kwa Yusufu, Edna akapiga kofi. "Hiki kisa chetu hiki! Nimekijua tangu shule ya Jumapili!"

"Soma, mwizi wewe."

Akasoma. Ndugu wakamtumbukiza Yusufu kisimani, wakampelekea baba kanzu yenye damu ya uongo. Miaka ikaenda. Mzee Yakubu akamlilia mwanawe hadi macho yakawa meupe. Hapo Mustafa akainua mkono.

"Ishia hapo. Mbele kuna kanzu nyingine. Yusufu anaituma kwao, wanamrushia baba yake usoni, anaona tena. Mwalimu alitusimulia siku moja, siku ambayo hakuchapa mtu. Nataka kuisikia kwa sauti yako. Lakini si leo. Kesho."

Kesho yake akamrudisha nyuma kisimani. Walipofika tena kwenye macho ya mzee, "Ishia hapo, kesho." Ikawa ndiyo desturi. Mustafa aliitunza ile kanzu kama mtoto anavyobakiza kipande cha nyama pembeni mwa sahani. Edna alimwelewa, hakumharakisha.

Kesho moja Mustafa hakuiona. Alianguka uani asubuhi, na kabla gari halijapatikana alikuwa ameshakwenda. Wakamzika Kwedizinga siku hiyo hiyo.

Baada ya arobaini wakaja Korogwe mdogo wake Mustafa, Mbwana, na dada yao aitwaye Afisa. Walikuja kwa heshima. Nguo za marehemu zitolewe sadaka, wakasema, na Kurani iende msikitini kwao, isikae nyumba isiyo na mtu wa kuishika na udhu.

"Au unasemaje, shemeji?" Mbwana akauliza.

"Sawa tu, shemeji," Edna akajibu, na moyoni hataki. Jamani! Si angesema? Lakini ndivyo alivyo, kwa wakwe ulimi wake hufa ganzi. Wakaondoka na kila kitu, rafuni Biblia ikalala chali.

Edna akakosa raha. Alimkumbuka Mustafa kila anapokanda unga, kila cherehani ya jirani inapolia. Na zaidi ya yote alikumbuka deni lile la kesho. Akachukua Biblia yake, akafungua Mwanzo, akasoma kwa sauti kukielekea kiti kitupu. Kisima kipo. Kanzu yenye damu ipo. Yusufu anajitambulisha, wanalia, magari ya kukokotwa yanatumwa kutoka Misri hadi kwa baba. Edna akarudi nyuma, akasoma tena polepole. Kanzu ya kumfungua mzee macho haimo. Ile ilikuwa upande wa Mustafa peke yake.

Asubuhi akapanda basi la kwenda Mkata, akashuka Kwedizinga.

"Wifi! Kuna msiba?" Afisa alishtuka.

"Hakuna. Nimefuata Kurani. Sitaki kuichukua, nataka kuisoma tu, mahali padogo." Na safari hii akayasema yote, mbele ya Mbwana, bila kupumua: macho ya mzee, kanzu, kesho. "Nilimwahidi. Amekwenda hajaisikia."

Mbwana alijikuna kidevu. Kisha akaenda kutia udhu, akapita msikitini, akarudi na kitabu. "Nitakishika mimi. Wewe soma."

Wakaenda makaburini watatu, ng'ambo ya shamba la muhogo. Mbwana akakifungua kitabu mbele yake. Edna akasoma. Kanzu ikatumwa. Msafara ukaondoka, na mzee huko mbali akasema anasikia harufu ya mwanawe. Ikarushwa usoni, akaona.

Mbwana naye alikuwa akiijua sura ile kwa moyo tangu chuoni, kwa Kiarabu, na maana yake ndiyo kwanza anaisikia; midomo yake ilikuwa wazi.

"Wifi," Edna akasema, "ile kanzu ya kola mbovu mlimpa nani?"

Afisa akainama. "Sikuweza kuitoa. Ninayo ndani." Akaenda mbio, akarudi nayo imekunjwa vizuri.

Edna akauzika uso wake humo. Akavuta pumzi, akavuta tena, akatafuta kwapani, akatafuta kwenye kola. Ilinuka sabuni ya mche na jua.

"Niliifua, wifi," Afisa akasema, na sauti ikamkatika. "Nisamehe. Nilitaka iwe safi."

"Hayumo," Edna akasema. "Afisa, hayumo." Ndipo akalia, kilio ambacho tangu mazishi hakuwa amekilia, wifi yake amemshika mabega.

Kilipopungua, Mbwana akakohoa. "Sura haijaisha, shemeji. Zimebaki aya chache. Tumalizie?"

Edna akajifuta macho kwa mkono wa kanzu, akautazama ule ukurasa, kisha akalitazama kaburi.

"Ishia hapo, shemeji," akasema. "Kesho."

Basi la mwisho la kurudi Korogwe lilipita barabarani likipiga honi, na hakuna aliyemkumbusha.