Chumvi Iliyobaki Nyeupe

Nilipokuwa mtoto kule vilimani, nyuma ya Kinjumbi, chumvi ya pakiti ilikuwa haramu nyumbani kwetu. Si haramu ya msikitini. Haramu ya Bibi, na hiyo ndiyo iliyokuwa kali. Bibi mzaa baba alikuwa na rovu shingoni, kubwa kama ngumi, akisema limetokana na kijicho cha watu. Chumvi yake aliletewa ghafi kutoka mashamba ya chumvi ya pwani, kwenye kanda la ukindu. "Ya dukani wametia dawa," alisema. "Inafunga kizazi."

Mama, mkwewe, aliogopa. Mimba mbili zilikwisha kumtoka, na ya tatu ilikuwa tumboni. Lakini nesi wa kliniki alimsisitizia ale chumvi ya pakiti, yenye madini joto ya kumkuza mtoto tumboni, naye Mama akanunua pakiti moja, akaificha chini ya nguo zake.

Wiki hiyo mwalimu alituagiza kila mmoja aje na chumvi ya kwao. Akaidondoshea dawa. Ya wenzangu ikageuka buluu. Yangu, niliyochota kwenye kanda la Bibi, ikabaki nyeupe pe. Mwalimu alisema, nami nilisikia vizuri: inayogeuka ndiyo nzuri, isiyogeuka haina madini joto.

Nyumbani niliwakuta wanamenya muhogo. Mama akauliza, "Mwalimu kasemaje?"

Bibi alikuwa ananitazama.

"Ya wenzangu imegeuka buluu," nikasema. "Yetu imebaki nyeupe."

Nikaishia hapo. Nilitaka Bibi anisifu, basi.

"Si nilisema ya dukani ina dawa?" akasema Bibi. "Huyu mjukuu wangu ana akili."

Jioni Mama aliimwaga pakiti yake chooni. Nilimwona, nikanyamaza.

Mdogo wangu Zuhura alizaliwa hai, tukachinja kuku. Miezi ikapita, akiitwa hageuki. Hakusikia, hakusema, kutembea kwenyewe kwa taabu. Bibi alisema tumerogwa. Nesi aliuliza swali moja tu: Mama alikuwa anakula chumvi gani?

Bibi alikufa na rovu lake. Mama naye hayupo, na hakuwahi kujua mwalimu alisema nini. Leo pakiti zimejaa kila duka, nami ndiye ninayempikia Zuhura, mtu mzima wa kuogeshwa. Majirani husema ni kudra ya Mungu. Sikatai kudra, lakini aliyetumwa chumvi shuleni ni mimi.

Zuhura nimeshamwambia yote, si mara moja, huku namsuka. Hugeuka tu nikimvuta nywele.