Kifua cha Shemeji

Dada yangu ni fundi wa suti. Miaka yote ya ndoa alimshonea mumewe makoti yenye pamba kifuani, kwa sababu shemeji yangu ana kifua bapa kama mlango. "Nijaze kidogo hapa, mama," angesema mbele ya kioo, na dada angemjaza bila kumcheka.

Saratani ilipomfanya dada akatwe titi la kushoto, mtu huyohuyo alichukua sanamu la kupimia nguo, akalipasua kifua upande mmoja, akalisimamisha mlangoni pa duka la dada la kushonea. "Mke wangu huyo!" akawaambia wateja, nao wakacheka. Kisha akahamia kwa mwanamke mwingine. Nilimlaani, na laana hiyo sijaifuta.

Dada akaendelea kushona. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nilimsindikiza kwa daktari. Akatueleza kwamba anaweza kubaki hivyohivyo, na si aibu. Anaweza kuwekewa kifuko cha silikoni. Au titi litengenezwe kwa nyama ya tumbo lake mwenyewe. Chuchu hufuata baadaye: hukunjwa kwa ngozi ya palepale, au huchorwa kwa wino mpaka udhani ni ya kuzaliwa.

"Tumbo," dada akasema. "Nimelibeba siku nyingi, nalo linifae. Chuchu nichoreeni."

Njiani nikamuuliza, "Unafanya haya ili yule arudi?"

"Najifanyia mwenyewe. Yule nina lake."

Alipopona, binti yao akaposwa. Shemeji akaleta kitambaa cha suti ya harusi bila haya.

"Kifua changu unakijua wewe tu," akasema.

Dada akampima kwa upole ulionitia hofu. Pamba ya kulia akaishona barabara. Ya kushoto akaipiga bandi tu, mshono wa muda, ncha ya uzi ikachungulia chini ya koti, na hapo bitana, kitambaa cha ndani, akaiacha wazi.

Siku ya harusi, wakati wa picha, shemeji alimtazama dada kifuani hadi akasahau kufumba mdomo.

"Mama, umependeza," akanong'ona.

"Ngoja nikuwekee koti sawa."

Akavuta uzi. Donge la pamba likaporomoka hadi miguuni pa wakwe, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Shemeji akajiziba kifua kwa mkono, vilevile dada alivyokuwa akijiziba kila alipopita mbele ya lile sanamu.

"Pole, baba," dada akasema kwa sauti. "Daktari mzuri yupo. Nikuelekeze?"