Nimetengeneza frigo, nimeamusha mtoto

Leo nimetengeneza frigo, mtoto wa watu akaamka.

Mama Neema anauza maziwa huku Rubondo, upande wa Mbarara. Feni ya nje ya frigo yake kubwa ya kupoza maziwa ilikuwa haipumziki. Ilizunguka hata kwa baridi, mpaka presha ya gesi inashuka na maziwa hayapoi.

Nikatoka Mbarara na kidude cha kuiongoza. Nikakipanga: presha ikishuka feni isimame, ikipanda iwake.

Ikasimama. Nikatabasamu.

Nyuma ya ukuta, Neema akaanza kulia. Kumbe tangu azaliwe analala na ile sauti.

"Fundi, rudisha ile makelele, tafazali."

Nikasema tungoje presha ipande.

Mtoto hangojei presha, jamani. Mama akanipa nimubebe. Sikuwa na akili ingine, nikaanza: vuuuuu. Mtu mzima, spana mfukoni.

Akanyamaza. Akanishika kidole.

Feni ikawaka, akalala mikononi mwangu. Nikaona aibu kumurudisha haraka.

Jioni niko Mbarara nanunua mkate, simu ikalia.

"Imesimama tena," Mama Neema akasema, akaweka simu kwa sikio la mtoto.

Duka lote linanitazama. Nyie mungefanya nini?

Vuuuuu.