Mstari Nyuma ya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani kabla hajawa diwani, na udiwani aliupata kwa mdomo wake. Mteja akileta kitambaa pungufu, mafundi wengine walikipokea, wakakata, kisha wakaanza hadithi. Yeye alikitandaza mezani mbele ya mwenyewe. "Hiki hakitoi gauni, dada. Kinatoa sketi, tena fupi. Chagua." Watu walinuna, lakini walirudi. Mwaka wa uchaguzi wakasema mtu wa namna hii ndiye wanayemtaka. Waongo wakubwa.

Miaka mitano baadaye mtaa mzima ulikuwa na swali moja: bomba la maji. Mpinzani wake ndani ya chama, mwenye duka la simenti, aliahidi maji ndani ya miezi mitatu. Shangazi akasimama mkutanoni. "Nimesoma bajeti kurasa zote. Bomba halimo mwaka huu wala mwakani. Nitalipigania, lakini msitupe madumu yenu."

Jioni baba yangu, mdogo wake wa tumbo moja, alimfuata nyumbani. Baba anaosha magari; bila maji hana kazi.

"Dada, ungesema tu linakuja. Uongo mdogo haujamuua mtu."

"Na miezi mitatu ikiisha niwaambie nini?"

"Utakuwa umeshapita."

Shangazi alicheka, akamwongezea chai. Alidhani ni utani.

Chama chetu huteua mgombea kwa kupanga mstari. Wagombea hukaa vitini katikati ya uwanja wa shule, wanachama hujipanga nyuma ya wamtakaye, na mgombea haruhusiwi kugeuka mpaka hesabu iishe. Nilikuwa wa kwanza nyuma ya shangazi. Wateja wake walitupita wamevaa nguo alizowashonea yeye, wakaelekea kwa mwenye simenti. Nilitamani kuwavua pale pale.

Kisha nikamwona baba. Alisita, akatazama chini, akaenda mstari ule ule. Damu nzito kuliko maji, watu husema; siku ile maji yalishinda. Nimeumizwa na watu wengi maishani, lakini sikuwahi kumwonea baba yangu aibu kabla ya hapo.

"Baba yako amefika?" shangazi aliuliza bila kugeuza shingo.

"Amefika."

"Yuko huku?"

Sikuweza. "Yuko huku, shangazi. Nyuma yangu tu."

Mabega yake yakalegea. "Basi hata nikishindwa, nimeshindwa nikiwa na watu wangu."

Mwenye simenti alipata mia mbili na kumi. Sisi tulikuwa thelathini na mmoja. Shangazi akainuka, akageuka, akaanza kutafuta nyuma yangu. Hatimaye akamwona baba kule ng'ambo, mikono mfukoni. Hakumtazama sana. Alinitazama mimi.

Baba alikuja kuomba radhi kabla wiki haijaisha, na akasamehewa. "Wewe ulisimama ulikosimama, kila mtu akakuona," shangazi alimwambia. "Yameisha."

Mimi hajanigombeza hata siku moja. Ananipakulia chakula, ananishonea, ananiita mwanangu. Lakini nikimwambia jambo lolote, hata kwamba mvua inanyesha, hutoka nje akatazame mwenyewe.