Gitaa la Mashoto Nililomnunulia Baba

Baba alifungua zawadi yangu mbele ya wageni, akaigeuza, akatazama mgongo wake, kisha akainuka na kwenda kujifungia chumbani.

Hakusema asante.

Wageni wakaanza kutafuta makoti yao.

Jamani, gitaa lile nilikuwa nimelihangaikia vuli nzima. Nilikuwa nimechoka hoi. Nilisimama katikati ya sebule na karatasi ya zawadi mkononi, nikijiuliza nimekosea wapi.

Ngoja niwaeleze.

Kwetu ni Reghin, Romania, mji ambao karibu kila ukoo una mtu anayetengeneza fidla au gitaa. Baba yangu, Spiridon, aliingia karakana ya magitaa akiwa kijana. Akapanda hadi akawa mjaribu. Hakuna gitaa lililotoka pale kabla yeye hajalipiga, na akisema halifai, linarudi kwa fundi. Walimwogopa.

Mpaka siku msumeno ulipomkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati.

Hivyo ndivyo vidole vya kubana nyuzi.

Karakana ikamhamishia getini. Gitaa lake la nyumbani likatoweka ukutani, na mimi sikuthubutu kuuliza limekwenda wapi. Mama alikuwa ameshafariki. Kila niliporudi likizo kutoka chuoni Cluj, nilimkuta baba kakaa mbele ya televisheni iliyozimwa sauti.

Mwaka huu nimehitimu na kuanza kufundisha shule ya msingi hukohuko Cluj. Nikiwa bado na matumaini ya mtu mpya kazini, nikapata wazo.

Baba si mashoto. Lakini gitaa la mashoto hubanwa kwa mkono wa kulia na kupigwa kwa wa kushoto. Mkono wake wa kulia ni mzima. Na wa kushoto bado una kidole gumba, kinachotosha kabisa kupigia nyuzi.

Kwa nini asianze upya upande wa pili?

Nikapanga kumpa siku ya jina lake, yaani sikukuu ya mtakatifu anayeitwa kama yeye, Mtakatifu Spiridon, mwezi Desemba. Reghin sikuweza kununua. Ningeuliza duka moja tu, baba angejua kabla sijafika nyumbani. Kwa hiyo nikawa natafuta Cluj, kila nikitoka darasani, viatu vimelowa na sauti imenikauka.

Duka la kwanza, kijana akanicheka.

"La mashoto? Dada, mashoto wananunua la kawaida, wanageuza nyuzi. Nakugeuzia hapa hapa."

Akageuza. Nikamwomba apige juu kabisa ya shingo. Masikio yangu ni ya Reghin, siwezi kuyaficha.

"Mbona linalia kama lina jino bovu?"

Akakuna kichwa. "Unaona daraja hili linaposhika nyuzi? Limeinamishwa ili nyuzi nene ziwe ndefu kidogo kuliko nyembamba. Ukigeuza nyuzi bila kugeuza daraja, sauti za juu zinakosana."

"Sasa ulikuwa unaniuzia nini?"

"Bei, dada. Nilikuwa nakuuzia bei."

Duka lingine walikuwa nalo la kweli, zuri, lakini ningelichukua nisingelipa kodi ya chumba. Lingine wakasema niagize, litafika baada ya Pasaka. Kuna mahali nililetewa gitaa la mashoto la bei ya chini, nyuzi zimeinuka juu ya shingo kiasi kwamba hata mwenye vidole kumi asingeweza kuzibana.

Usiku nililala na viatu.

Mwishowe nikaelekezwa kwa Emeric, mzee anayekarabati ala kuukuu kwenye chumba kinachonuka gundi. Nikamweleza bila matumaini.

Akapanda kwenye kiti, akashusha gitaa lenye vumbi. La mashoto kamili: kijiti cha kupanga nyuzi mwishoni mwa shingo, daraja, kila kitu. Shingo nyembamba, nyuzi laini. Ila mgongo wake ulikuwa vipande viwili visivyofanana, nusu mbao nyeusi, nusu mbao nyeupe, kama suruali yenye kiraka.

"Ndiyo maana ni rahisi," alisema. "Watu hununua kwa macho."

Akalipiga chini, akalipiga juu. Safi.

"Ni la nani?"

"Halina jina, mwanangu. Chukua."

Nikalia kidogo kwenye basi la kurudi. Uchovu tu.

Siku ya jina huku hakuna mialiko, anayekumbuka anakuja. Wakaja. Jirani yetu Veturia na keki yake, na wazee wa karakana na chupa zao. Nikaona hapa ndipo mahali pa kumpa.

Na hapo ndipo baba alipojifungia.

Nikagonga hadi akanifungulia. Akarudi kukaa kitandani, gitaa liko magotini.

"Baba, nimekukosea nini?"

"Umelipata wapi?"

"Cluj. Kwa fundi mmoja wa ala kuukuu."

Akapapasa ule mgongo wa rangi mbili.

"Smaranda, gitaa hili nimelitengeneza mimi."

Nikakaa chini.

Akanieleza polepole, kama mtu anayebeba mzigo ngazini. Baada ya ajali naye alipata wazo lilelile. Akaokota mabaki ya mbao za karakana, akajichimbia kwenye ghala la chini ya jengo letu majira yote ya baridi. Akaanza kujifunza upya kama mtoto.

"Sauti za chini zilikubali. Nikipanda juu ya shingo, uchafu mtupu. Nikasema vidole vya kulia havijui kubana, vinavuta nyuzi. Nikavilazimisha hadi vikatoka damu. Uchafu uleule. Mimi, niliyekuwa nakataa kazi za watu kwa kosa la unywele! Nikampa mchuuzi wa mitumba, nikamaliza. Leo unaniletea mbele ya watu wenye masikio kama wale."

Chuo hakikunifundisha jibu la hapo.

"Jaribu mara moja tu," nikasema.

"Nimechoka, mwanangu."

"Najua. Hata mimi. Jaribu tukiwa tumechoka hivi hivi."

Akalikumbatia gitaa upande usio wake. Vidole vya kulia vikatafuta nyuzi kama vipofu. Akapiga chini. Akapanda juu.

Sauti ikatoka safi. Akaacha ghafla.

Akapiga tena palepale. Akalisogeza kwenye taa.

"Nani amegusa daraja hili?"

Nikampigia Emeric, nikaweka sauti kubwa.

"Daraja? Nililibandua nikaligundisha upya," mzee akajibu huku anatafuna kitu. "Aliyelitengeneza ni fundi hasa, mbavu za ndani kaziweka vizuri mno. Lakini daraja kaliinamisha upande wa watu wa mkono wa kulia! Nilicheka siku nzima. Hakuna binadamu angelipiga pale juu likatoa sauti safi. Kwani mnamjua?"

Baba akainamia simu.

"Tunamjua. Ni mpumbavu mmoja wa Reghin."

Akakata.

"Kiolezo cha karakana, kile kibao cha kupimia," akasema. "Maisha yangu yote nimekata madaraja kwa kiolezo kimoja. Mkono ulikichukua wenyewe. Na jicho likaona mwinamo wa kila siku, likasema sawa."

Muda wote ule alikuwa anafungua geti akiamini mikono yake imekwisha.

Alivitazama vidole vya mkono wake wa kulia kama unavyomtazama mtu uliyemfunga bila kosa. Halafu akainuka, akaenda sebuleni na gitaa. Wageni walikuwa wameshavaa makoti.

"Kaeni. Nataka kupiga. Nitapiga vibaya."

"Vibaya kiasi gani?" Veturia akauliza.

"Kama mtu aliyemkanyaga paka."

"Basi ngoja nivue koti."

Na kweli, alipiga vibaya. Alikosa, akarudia, akakosa tena palepale.

"Uzi wa tatu umeshuka, Spiridon," mzee mmoja wa karakana akasema.

"Nimesikia! Nilikatwa vidole, sikukatwa masikio."

Wakacheka. Yeye akaukaza ule uzi, akaendelea. Jasho lilimtoka, mabega yakamlegea, lakini hakuliweka gitaa chini mpaka wimbo ukafika mwisho wake.

Sijui kama atapiga tena kama zamani. Nadhani hapana. Umri umekwenda, na kidole gumba kimoja kina mipaka yake.

Lakini wewe unayesoma hapa ukiwa umechoka, umejaribu jambo likakushinda, ukajihukumu kwamba huna uwezo: kabla hujaliacha, mpe mtu mwingine akague kile ulichokuwa unatumia. Kosa huenda limekaa mahali ambapo macho yako yamezoea kupita. Baba yangu alilitia kwa mikono yake mwenyewe, na alikuwa ndiye mjaribu bora kuliko wote mjini.