Kipimo cha Mwikali

Kwa miaka tisa Mwikali alitandika vitanda kumi na sita kwa siku katika hoteli moja ya ufukweni Malindi, na kwa miaka hiyo yote hakupata kuiona nguzo ya Vasco da Gama. Haikuwa mbali. Kutoka lango la hoteli ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Lakini siku yake ya mapumziko ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi alikaa chumbani kwake katika mtaa wa Barani akafua, akalala, kisha akamwandikia barua baba yake, Mzee Musyoka, huko Kitui.

Barua hizo ndizo zilizomfunga.

Wageni wakiondoka huacha vyumbani vitu wasivyovitaka: kandambili, vitabu vilivyolowa, kadi za posta ambazo hawakuzituma. Mwikali alizikusanya kadi. Kila mwezi alitia moja ndani ya bahasha, akaeleza kilichomo kana kwamba alikuwa amesimama hapo. Aliona haya kumwambia mzee kwamba pwani anayoijua ni vyoo na mashuka. Mwaka 1978 alituma kadi ya nguzo. Mpiga picha alikuwa amechuchumaa chini kabisa, na nguzo ilionekana kama inagusa mawingu. Mwikali akaandika: "Baba, nimesimama chini yake. Inaupita mnara wako."

Mzee Musyoka alikuwa fundi mwashi. Mnara wa kanisa la kijijini kwao aliujenga yeye, mwaka 1954. Hakukasirika kusikia kwamba umepitwa. Alitaka kujua umepitwa kwa futi ngapi. Akauliza pia nguzo imejengwa kwa saruji au kwa chokaa, na unene wake chini ni kiasi gani. "Pima kwa kivuli, kama nilivyokufundisha," alimaliza. Mwikali alijibu habari za mvua na mbuzi. Mzee akauliza tena katika barua iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Hata macho yake yalipofifia, barua zikawa zinaandikwa na katekista, swali lilibaki mahali pake, mwisho wa ukurasa, baada ya salamu.

Aprili 1986 msimu wa watalii uliisha, na hoteli ikatangaza kwamba haitawarudisha kazini wahudumu wote wa vyumba. Mwikali hakulalamika. Mzee sasa alikuwa haoni kabisa, na alihitaji mtu wa kukaa naye. Mabasi ya wiki ile yalikuwa yamejaa wafanyakazi wa mahoteli wanaorudi bara, kwa hiyo meneja akawapa yeye na mwenzake Nyakio viti viwili katika ndege ndogo iliyokuwa ikirudi Nairobi karibu tupu. Akawapa pia kila mmoja mashuka mawili yaliyochakaa, yenye alama ya uzi mwekundu pembeni. Ndege ingeruka saa kumi na nusu. Gari la hoteli lingewachukua saa kumi kasoro robo, barabarani, karibu na nguzo.

"Tuna saa tano za kuwa watalii," alisema Nyakio, akifungua mwavuli wake kukinga jua. Yeye alitoka Murang'a, na kwa miaka saba alikuwa amesimama upande wa pili wa kila kitanda alichotandika Mwikali.

Mji ulikuwa umefurika. Mbele ya ofisi za mabasi watu walikaa juu ya masanduku na magodoro yaliyofungwa kamba, jasho likiwatiririka. Nyakio alitaka halua ya kumpelekea mama yake, akaonja katika maduka matatu na kununua katika la kwanza. Wakapita vichochoro vya mji wa kale, wakasimama kuangalia makaburi ya kale karibu na msikiti wa Ijumaa. Nyakio alikuwa na maneno juu ya kila kitu. Mwikali aliitazama saa yake mara nyingi kiasi kwamba mwenzake akachoka.

"We Mwikali, ndege ni ya saa kumi na nusu. Unakimbilia wapi?"

"Lazima niwe kwenye nguzo saa tisa. Kivuli hakingoji."

Hapo ndipo alipomweleza habari ya barua. Nyakio alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Sasa si umwambie futi arobaini tu? Nani atakuja kupima?"

"Yeye."

"Haoni!"

"Hujui baba yangu. Atamtuma mtu."

Walifika saa nane na nusu, nguo zikiwa zimewaganda mwilini. Katana, mzee aliyekuwa akiuza madafu pale njiani, aliwaona wakipita na mizigo yao.

"Shikamoo mzee," walisema pamoja.

"Marahaba, wanangu. Hampumziki mkanywa?"

"Tukirudi, mzee," alisema Mwikali.

Nguzo ilisimama mwisho wa njia, kwenye ncha ya miamba inayoingia baharini, nyeupe, pana chini na nyembamba juu, na msalaba kileleni. Mwikali aliitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa fupi. Mnara wa kanisa la kwao, ambao alikuwa ameuona kila siku mpaka alipoondoka nyumbani, ungeipita bila kujinyoosha.

"Ndiyo hii?" aliuliza Nyakio. "Mimi nilidhani wameificha nyuma."

Mwikali hakucheka. Aliuchukua mwavuli, akaufunga, akausimamisha wima kwenye sakafu inayoizunguka nguzo. Namna ya waashi ni rahisi: kivuli cha fimbo kikilingana na fimbo yenyewe, kivuli cha mnara nacho kinalingana na mnara, basi unapima chini kile usichoweza kukipanda. Kijijini walikuwa wakipima hivyo miti na nyumba. Huko kulikuwa na ardhi kila upande.

Saa tisa na dakika saba kivuli cha mwavuli kilitimia. Mwikali akageuka kukitafuta kivuli cha nguzo. Jua lilikuwa limeshahamia upande wa bara. Kivuli kilikuwa kimelala upande wa bahari. Kilivuka sakafu, kikavunjika juu ya majabali, na kichwa chake, msalaba wenyewe, kilikuwa kikicheza juu ya maji.

"Haya, ingia ukapime," alisema Nyakio.

Mwikali aliketi chini. Nyakio akaona kwamba mzaha haukuwa na mahali, akakaa kando yake. Baadaye akauliza, "Yeye alitaka urefu peke yake?"

"Urefu. Chokaa au saruji. Na unene wa chini."

Nyakio akafungua mkoba wake, akatoa mashuka yake mawili. "Basi simama. Chukua upande wako."

Walifanya kama walivyofanya kila asubuhi kwa miaka saba: mmoja huku, mwingine kule, shuka likanyooshwa bila neno. Waliyafunga mashuka pembe kwa pembe, wakaizungushia nguzo usawa wa vifua vyao, wakayabana kwenye ukuta kwa viganja ili yasilegee. Pale kitambaa kilipokutana na mwanzo wake Mwikali akafunga fundo la alama. Watalii wawili waliwapiga picha. Walipoondoa mashuka, upande wa ndani ulikuwa umepakaa unga mweupe.

"Nitayafua nikifika," alisema Mwikali.

"Usiyafue," alisema Nyakio. "Na ni yako. Nipe yale yako mawili."

Madafu ya Katana waliyanywa wamesimama, dereva akipiga honi.

Siku ya tatu, Mwikali aliyatandaza mashuka uani kwao, katika mduara, akamshika baba yake mkono na kumwongoza mpaka penye fundo la alama. Mzee Musyoka alipiga magoti. Aliufuata mduara kwa viganja, taratibu, mpaka akarudi alipoanzia. Kisha akasugua kitambaa kwa kidole gumba, akanusa kidole.

"Chokaa," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na urefu?"

Mwikali alikuwa ameyapanga maneno haya ndani ya ndege, akayapangua, akayapanga tena.

"Sikuupata. Lakini haiupiti mnara wako, Baba. Hata haiukaribii. Nilipokuandikia sikuwa nimeiona. Nimeiona juzi, mara moja, siku ya kuondoka. Nikangoja kivuli, kikaangukia baharini."

Mzee akaurudisha mkono juu ya fundo.

"Ulipima saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Na bahari iko mashariki."

"Iko mashariki."

"Ungeenda asubuhi," alisema Mzee Musyoka, akaanza tena kuuzunguka mduara, safari hii akihesabu kwa shibiri.